Namna ya kumwendea mshirika aliyeacha kuja kanisani

Mimi ni muuguzi, na kanisani ni shemasi mwenye jukumu la kuwatembelea washirika walioacha kuonekana. Hospitalini hakuna anayekubali dawa iandikwe kabla mgonjwa hajaulizwa anaumwa wapi. Kanisani tunafanya hivyo kila mara. Tunamwendea aliyepoa tukiwa na Waebrania 10:25 mkononi, ule mstari unaotuonya tusiache kukusanyika pamoja. Tunausoma, tunaomba, tunaondoka. Naye anabaki na kile kilichomzuia tangu mwanzo, ila sasa kimeongezewa aibu.

Mstari ule ni wa kweli na sina nia ya kuupunguza. Lakini anza kuusoma kwenye ule wa 24, unaotutaka tuangaliane sisi kwa sisi na kuhimizana katika upendo na kazi nzuri. Kuangaliana kumetangulia. Asiyeangaliwa hahimiziki. Nitakayoeleza hapa ni namna ya kuangalia, na ni kazi ya kila mshirika, si ya mchungaji na wazee peke yao. Mara nyingi anayeweza kumfikia mtu ni yule aliyekuwa akikaa naye benchi moja.

Anza mapema

Ni wachache wanaoacha kanisa siku moja. Kwanza mtu anaacha kwaya, au anaomba apumzike kwenye kamati. Kisha anahamia benchi la nyuma karibu na mlango. Anaingia wimbo wa kwanza ukiwa umekwisha, anatoka kabla ya baraka ili asikutane na watu nje. Halafu anakosa Jumapili moja na kungoja kuona kama kuna atakayemuuliza. Asipoulizwa, ya pili inakuwa rahisi kuliko ya kwanza.

Ukimwona mtu amehamia nyuma, huo ndio wakati wake. Salamu fupi nje ya mlango siku hiyo ina nguvu kuliko ujumbe wa wazee wanne mwaka mmoja baadaye. Muulize hali yake na ya nyumbani, umsikilize, basi. Usimwambie kwamba umekuwa ukimchunguza.

Ni vizuri pia pawe na watu wawili au watatu ambao kazi yao, kimyakimya, ni kutazama nani hayupo. Si kuita majina. Ni kutazama tu, na kabla ya Jumatatu kwisha mmoja wao awe amepiga simu. Kanisa likikua, mtu anaweza kutoweka kwa miezi kila mmoja akidhani mwenzake anajua alipo.

Jua ni nini kimemsibu

Sura ninayoirudia kabla ya kwenda kwa mtu ni Ezekieli 34. Nabii huyo alikuwa kati ya Wayahudi waliochukuliwa uhamishoni Babeli, na katika sura hiyo Mungu anawakemea wachungaji wa Israeli. Ukitazama mstari wa 4 utaona Mungu hawaweki kondoo wote kapu moja. Kuna walio dhaifu, wagonjwa, waliovunjika, waliofukuzwa na waliopotea, na kila kundi lina tendo lake: kutiwa nguvu, kuponywa, kufungwa jeraha, kurudishwa, kutafutwa. Sisi tuna neno moja kwa wote, "rudi", na tunashangaa halifanyi kazi.

Walio dhaifu ni wale ambao nguvu zimekwisha. Mama anayemuuguza mzazi wake usiku na mchana. Kijana anayefanya zamu za usiku na kutoka kazini Jumapili alfajiri. Wazazi wenye mtoto mchanga, au mwenye mtoto mwenye ulemavu ambaye akipiga kelele kanisani watu wote wanageuka. Imani yao haijaondoka. Mahubiri ya kuwahimiza yanawaongezea mzigo tu. Mwambie yule mama, "Jumapili hii nitakaa na mzee mimi, wewe nenda kanisani, au lala." Hiyo "au lala" iseme ukiwa unaimaanisha.

Kwa wagonjwa naomba nikae kidogo, kwa sababu ninayaona kazini na kanisani hayasemwi. Wazee wengi wanaacha ibada kwa ajili ya choo. Baadhi ya dawa za presha na za moyo huongeza mkojo. Mtu humeza asubuhi, na saa chache zinazofuata anakwenda chooni tena na tena. Yuko katikati ya benchi, choo kiko mbali, na lazima awasumbue watu sita kupita. Baada ya kuaibika mara moja harudi tena, na akiulizwa atasema miguu inamuuma. Wako pia wanawake wasioweza kuzuia mkojo baada ya uzazi mgumu, ambao wanaogopa harufu. Hali nyingi za namna hii zinatibika, na mtu anaweza kuishi nazo miaka akidhani ndivyo alivyoandikiwa. Unachoweza kufanya: mtengee kiti cha pembeni karibu na mlango, uwaambie wahudumu wa mlangoni wasimhamishe, na umshauri amuulize daktari wake kama saa ya kumeza dawa inaweza kubadilishwa. Asiibadilishe mwenyewe.

Masikio nayo yanawaondoa watu. Mtu anasikia sauti lakini hashiki maneno, na kuongeza nguvu ya spika hakumsaidii, kunamuumiza. Mkalishe mahali anapouona uso wa mhubiri. Mwandikie mistari itakayosomwa. Asiyeona vizuri amebeba kitabu cha nyimbo kama mapambo kwa muda mrefu, na hajamwambia mtu.

Na kuna sonona. Mtu aliyekuwa mchangamfu hapati tena ladha ya chochote, halali au analala kupita kiasi, anajiona mzigo kwa wenzake. Kwa baadhi yao asubuhi ndiyo saa ngumu kuliko zote, na ibada zetu nyingi ni za asubuhi. Usimwambie aombe zaidi. Huenda ameomba hadi amechoka. Msaidie afike kwa daktari, na ukiweza nenda naye. Akigusia kwamba heri afe, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo hilo. Kunampa mlango wa kusema. Akikubali kwamba ndivyo, usimwache peke yake, tafuta msaada wa hospitali siku hiyohiyo.

Eliya ni mfano wangu katika hili. Katika 1 Wafalme 19 amekimbia, ameketi chini ya mti jangwani, anaomba afe. Malaika hamhubirii. Anamgusa, anampa mkate na maji, anamwacha alale tena, kisha anamlisha mara ya pili. Swali la "unafanya nini hapa?" linakuja baadaye, Horebu, baada ya safari ya siku 40. Mungu alianza na mwili wake.

Waliovunjika ni waliofiwa, walioachwa na wenzi wao, waliopoteza mimba, waliopoteza kazi. Kuhusu wafiwa kuna jambo ambalo kila kanisa linapaswa kulijua. Tunajaa siku ya mazishi, kisha tunamwacha mjane kwenye benchi walilokuwa wakikaa wawili. Anasikia wimbo ulioimbwa wakati jeneza linatoka. Anatoka nje kulia, hakuna anayemfuata, na Jumapili inayofuata anabaki nyumbani. Kaa naye. Mwulize ni wimbo gani hawezi kuustahimili kwa sasa, na umwambie kiongozi wa kwaya auweke kando kwa muda bila kusema ni kwa ajili ya nani. Aliyepoteza mimba yeye hakupata hata mazishi ya watu kuja. Mtaje mtoto wake kama yeye anavyomtaja.

Waliofukuzwa ndio ninaoona tunawakwepa kuliko wote, kwa sababu wanatuhusu sisi. Nitawarudia hapo chini.

Waliopotea kabisa, waliohama na kubadili namba ya simu, wanatafutwa kwa kuuliza ndugu na majirani. Hapo hakuna siri kubwa zaidi ya kutokuchoka.

Ujumbe wa kwanza

Usifike kwa mtu bila kumjulisha. Wewe unaona ni ziara ya upendo, yeye anaona amevamiwa siku ambayo nyumba haiko sawa na moyo hauko sawa. Tuma ujumbe au piga simu, na ujumbe uwe wake peke yake. Katika Marko 16:7 malaika kaburini anawaambia wanawake wapeleke habari kwa wanafunzi wake na kwa Petro. Petro alikuwa mwanafunzi tayari, lakini ndiye aliyemkana Bwana, na ametajwa kwa jina ili asije akadhani habari njema ile haimhusu tena. Tangazo lililotumwa kwenye kundi la WhatsApp halifanyi kazi hiyo. Na maadamu tumetaja kundi, usimwondoe mtu humo kwa sababu haonekani. Wengi wamejua kwamba kanisa limewafuta kwa njia hiyo.

Ujumbe wa aina hii unafunga mlango: "Dada, tumeona huji kanisani siku hizi, kulikoni? Jumapili tunakutegemea." Dada huyo sasa ana deni la kueleza na deni la kuja.

Huu unaufungua: "Dada, shalom. Leo nimekukumbuka, nikakumbuka ulivyonisaidia mwanangu alipokuwa anajifunza mistari. Sina tangazo wala ombi. Nilitaka tu kujua unaendeleaje. Ukipenda siku moja nikupitie tuongee, niambie siku inayokufaa. Na usipopenda sasa, ni sawa kabisa." Weka kumbukumbu ya kweli ndani yake, jambo mlilolifanya pamoja. Kama huna kumbukumbu yoyote na mtu huyo, basi mtafute aliye nayo, amwandikie yeye.

Asipojibu, usihesabu kwamba amekataa. Ngoja wiki kadhaa, mtumie salamu nyingine isiyouliza kwa nini hakujibu.

Nani aende

Wawili wanatosha. Wakifika wanne wenye Biblia kubwa, linakuwa baraza. Mwanamume asiende peke yake kwa mwanamke, wala mwanamke peke yake kwa mwanamume. Ni kwa usalama na heshima ya wote. Asiende mtu aliyegombana naye, hata kama ndiye mzee wa eneo lile. Asiende mtu wa fedha akiwa na daftari la ahadi. Na asiende msimulizi, yule ambaye kila akitoka nyumba moja anaieleza kwa nyumba ya pili. Kila kanisa linamjua.

Kabla ya kwenda usikusanye habari zake kwa watu. Ukiingia ukiwa na hadithi za wengine utakuwa unasikiliza ili kuzihakikisha, na atakuona machoni.

Mkishaketi

Zima simu. Usianze na "umetupotea!" hata kama umeizoea kama salamu. Aliyekaa miezi sita bila kutafutwa atajiuliza ni nani aliyempotea mwenzake. Ukiwa huna la kuanzia, muulize habari za watoto, za kazi, za mguu uliokuwa unamsumbua, na ungoje jibu.

Msikilize kama Bwana alivyowasikiliza wale wawili wa barabara ya Emau katika Luka 24. Walikuwa wanaiacha Yerusalemu, wamekata tamaa, na yeye anajua kila kitu kilichotokea. Hata hivyo anawauliza ni maneno gani wanayosemezana, anawaacha waeleze yote kwa namna yao, mpaka na sentensi ile chungu ya kwamba walikuwa wametumaini. Maandiko anayafungua baada ya hapo. Na anatembea nao upande ule ule waliokuwa wakielekea.

Kwa hiyo maswali yako yawe machache na ya wazi. "Umekuwa ukiishije siku hizi?" "Ni nini kimekuwa kigumu zaidi?" "Kuna jambo sisi kama kanisa tulilifanya, au tulishindwa kulifanya, likakuumiza?" Hilo la tatu liulize taratibu na unyamaze. Ukimya utakuwa mrefu. Usiujaze kwa mstari wala kwa hadithi yako mwenyewe. Katika uuguzi nimeona mara nyingi kwamba jambo lenyewe husemwa mwishoni, mgonjwa akiwa ameshika kitasa cha mlango. Majumbani ni vivyo hivyo: linakuja mkiwa mmesimama kuaga. Likija, keti tena.

Usimlinganishe na wenye shida kubwa kuliko yake ambao bado wanakuja. Usimwambie Mungu ana makusudi na yaliyompata. Usimuulize kama bado ameokoka. Kama ana mashaka juu ya imani yenyewe, usianze ubishi. Yuda, katika mstari wa 22 wa waraka wake mfupi, anatutaka tuwahurumie walio na shaka. Tomaso hakuwepo siku Bwana alipowatokea wenzake mara ya kwanza. Walimwambia walichokiona, akakataa kuamini. Siku nane baadaye yumo ndani pamoja nao, Yohana 20. Wiki nzima waliishi naye akiwa haamini, na hakuna aliyemtoa nje. Hapo ndipo Bwana alipomkuta.

Kabla ya kuondoka muulize kama angependa muombe. Akisema hapana, usiombe kwa sauti. Akisema ndiyo, muulize muombee nini, na uombe hilo, bila kupenyeza ndani yake ombi kwamba Bwana amrudishe nyumbani mwake. Atalisikia, na atajua ziara yote ilikuwa ya nini. Saa moja inatosha kwa mara ya kwanza. Kwa mgonjwa, nusu yake.

Kama ni sisi tuliomfukuza

Utasikia mambo. Jina lake lilisomwa mbele ya watu kwa kuwa hajamaliza ahadi. Alipotoa sana alipewa kiti cha mbele, biashara ilipoanguka hakuna aliyempigia. Mahubiri yalimlenga na watu wakamgeukia. Binti yake alipata mimba, wakamwondoa kwenye kwaya yeye mama. Aliyekuwa mweka hazina alishutumiwa, ikaja kubainika hakuchukua kitu, na hakuna aliyesimama kusema hivyo kwa sauti ile ile iliyotumika kumshutumu.

Usilitetee kanisa. Usiseme "mchungaji hakukusudia" wala "wanadamu ndivyo tulivyo". Hujui kilichokusudiwa, na wala hakikuulizwa. Mwambie: "Nimekusikia. Hili lilikuwa baya, na ninasikitika kwamba lilikupata kwetu na ulikaa nalo peke yako." Kisha muulize angependa lifanyike nini. Mwingine anataka kuombwa radhi na mtu fulani. Mwingine anataka lijulikane tu kwa mchungaji. Mwingine hataki lolote, alihitaji mtu mmoja aseme kwamba hakuwa amekosea kuumia. Ahidi lile tu lililo mikononi mwako. Ukisema utalipeleka kwa mchungaji, lipeleke, na urudi na jibu hata kama jibu halipendezi. Kama aliyekosea ni kanisa mbele ya watu, radhi nayo iombwe mbele ya watu, iwapo mwenyewe anaridhia.

Kuna waliotengwa kwa nidhamu ya kanisa. Sipingi nidhamu. Lakini Paulo, katika 2 Wakorintho 2, anawaambia Wakorintho adhabu ya mtu yule imetosha, sasa wamsamehe na kumfariji asije akamezwa na huzuni iliyozidi. Nidhamu iwe na tarehe ya kwisha na mtu wa kumtembelea katikati. Tukishamtenga tukamsahau, tumemtupa.

Na hapa naomba nisomwe kwa makini. Akikuambia kwamba alipigwa, alibakwa, au mtoto alichezewa na mtu wa kanisani, hilo si la kupatanishwa sebuleni. Usitumie Mathayo 18:15 kumtuma aliyeumizwa akaonane faragha na aliyemuumiza. Usilipeleke kwenye kikao cha wazee likazungukwe. Mwamini, mfikishe hospitali mapema kama limetokea karibuni, kwa sababu zipo dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinazopaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na ulipeleke jambo hilo kwenye vyombo vya sheria anapohusika mtoto. Mtuhumiwa awe mbali na watoto kuanzia siku hiyo, awe nani awe. Huyu mshirika huenda hatarudi kwenye jengo lile kamwe. Huruma kwake ni kumsaidia apate haki na tiba, na kutomwomba arudi.

Yaliyosemwa yabaki hapo

Ulichoambiwa usikipeleke kwenye maombi ya Jumatano. "Tumkumbuke dada yetu, anapitia mambo katika ndoa" ni usengenyaji uliofumbiwa macho. Ukitaka wengine waombe, mwombe ruhusa, umuulize maneno gani yatumike. Kwenye daftari langu ninaandika tarehe niliyomwona, nilichoahidi, na tarehe zinazomuuma: siku mume alipofariki, siku ya upasuaji. Aliyoyaeleza siyaandiki.

Hizo tarehe zina kazi kubwa. Ujumbe wa mistari miwili siku ya kumbukumbu ya kifo, mwaka wa pili au wa tatu ambapo wote wamesahau, unasema jambo ambalo ziara kumi hazisemi. Na baina ya ziara, salamu zako nyingi zisiwe na mwaliko ndani yake. Ikiwa kila ukimwandikia kuna tangazo la semina, atajifunza kutokufungua ujumbe wako. Mwalike mara mojamoja, kwa jambo dogo ambalo mlango wake ni mpana: kusaidia kupanda miti, kumwona mgonjwa mnayemjua wote. Asiyeweza kutoka kwa ugonjwa apelekewe meza ya Bwana nyumbani, tena akiwepo mtu mwingine mmoja au wawili wa kuimba naye, ashiriki kama mwili wa kanisa na si kama mgonjwa anayehudumiwa.

Siku akija

Akikuambia anafikiria kuja Jumapili, muulize angependa iweje. Mkutane nje muingie pamoja. Mwache achague benchi. Waambie wachache walio karibu naye kwamba wamsalimie kama walivyomsalimia siku zote, pasipo "leo mvua itanyesha!" wala "umeokoka upya?" Mchungaji asimtangaze. Asisimamishwe. Mfano wa mwana mpotevu usihubiriwe kwa ajili yake. Baba yule wa Luka 15 alimkimbilia mwanawe njiani, akamkatiza kabla hajamaliza hotuba yake ya toba. Kwake yeye hakukuwa na kipindi cha kumweka mwana mbele ya watu ajieleze.

Pengine ataondoka katikati. Mfuate nje si kumrudisha, bali asisimame peke yake. Mtumie ujumbe jioni: nimefurahi kukuona, pumzika.

Kuhusu kazi, wengi hukosea kwa haraka au kwa kuchelewa. Kuna anayetaka kukaa miezi mingi bila kuguswa, mwacheni. Kuna mwingine ambaye kukaa bila kazi ndiko kunakomwambia kwamba hawamwamini tena. Petro, baada ya kuulizwa mara tatu kama anampenda Bwana, alikabidhiwa kondoo palepale ufuoni, Yohana 21, na kifungua kinywa kilikuwa kimetangulia. Muulize mhusika. Usiamue kwa niaba yake kwamba hajawa tayari.

Asipokuja

Atakayejiunga na kanisa jingine mbariki, mwandikie barua ya utambulisho kama anaihitaji, na usimfanye msaliti. Atakayekuomba msimtembelee tena, mheshimu siku hiyohiyo. Mwambie namba yako anayo na haitabadilika, kisha waambie na wenzako, ili asije mwingine mwezi ujao akabisha hodi kwa bidii yake.

Wengine watabaki walivyo: wanapokea simu zako, wanafurahi ukifika, na Jumapili hawaji. Endelea. Mtoto wake akiolewa, nenda. Akilazwa, nenda. Usianze kupunguza salamu kwa sababu hazijaleta mtu kwenye benchi. Kama moyo wako unachoka, na utachoka, usimbebe kila mtu wewe. Watembeleaji wagawane familia chache kila mmoja, mkutane kila mwezi kuulizana mnaendeleaje ninyi wenyewe, na atakayehitaji kupumzika akabidhi daftari kwa mwenzake baada ya kuwaambia wale waliomo kwamba sasa atakayewapigia ni nani.